Jicho la Pili

Ndahani alikisikia kicheko kabla hajafika mlangoni, akajua papo hapo kwamba hakikuwa cha mtu. Kilikuwa kicheko cha mchanga, ule mchakacho mwembamba uliotoka kwenye sinia kila Mfinyanzi, mashine ya kusanifu nyumba, alipofurahishwa na jambo. Katika miaka yote aliyomlea, Ndahani alikisikia kwa nadra, na siku alizokisikia alirudi nyumbani amenyoosha mgongo kama bwana harusi. Siku hizi kilisikika kila asubuhi, na hakikuwa kwa ajili yake.

Alisimama kidogo kwenye korido, akajifanya anafuta miwani.

"Tena, Mama!" sauti ya Mfinyanzi ilikuwa inasema mle ndani. "Nigeuze upande ule wa kivuli. Nilikuwa sijamaliza kuangalia."

"Ukiangalia sana utaota macho mengine," Kokushubila akajibu, na mchanga ukacheka tena.

Ndahani akaingia. Kokushubila alikuwa amesimama kando ya sinia, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini. Mgongoni, ndani ya kanga aliyoifunga fundo kifuani kama mama yeyote wa Dodoma anayekwenda kliniki, alikuwa amebeba jicho la Mfinyanzi. Lilikuwa tufe la kioo, ukubwa wa nazi. Enzi ya Ndahani jicho hilo lilikaa juu ya meza, limekazwa kwa skrubu, naye akiliwekea mbele picha, michoro na vipimo, kama mwalimu anavyomwekea mwanafunzi vitabu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umembeba tena?"

"Tumetoka njia ya Bahi. Kuna kichuguu kule kimenizidi kimo. Tumekaa nacho tangu kupambazuka mpaka jua likatufukuza. Ungemwona, Mzee! Amekisikiliza mpaka akasema kinapumua."

"Kila mtu anajua kichuguu kinapumua. Limeandikwa hilo."

"Hakutaka kusoma. Alitaka kusikia."

"Na watu wa barabarani wanasemaje, wakimwona msanifu mzima amebeba mashine mgongoni?"

"Bibi mmoja kaniuliza kama mtoto amefanana na nani." Koku alikuwa anafungua fundo la kanga. "Nikamwambia sura sijui, ila ugumu wa kichwa ameuchukua kwa baba yake."

Ndahani hakujua kama amesifiwa au ametaniwa. Alikuwa bado anatafuta jibu, sauti ikatoka kwenye sinia, ya heshima na isiyo na joto lolote.

"Karibu, Jicho la Pili."

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Zamani Mfinyanzi alimwita Baba. Tangu miji ilipochemka na viyoyozi kupigwa marufuku, nyumba zililazimika kujipoza zenyewe, na sheria ikasema hakuna nyumba itakayojengwa bila majina ya watu wawili: mlezi aliyeifundisha mashine kupenda na kukataa, na mtu mwingine, Jicho la Pili, wa kukagua kilichotoka. Ndahani alikuwa mlezi. Sasa mlezi alikuwa Kokushubila, na yeye alikuwa mtu mwingine.

"Mwoneshe Mzee wodi yetu," Koku akasema.

Mchanga ukaamka. Sinia lilikuwa pana kama kitanda cha watu wawili, na mchanga wake mwororo kama unga wa uwele. Kwanza ukajikusanya katikati, kisha ukapanda bila haraka, ukajipinda, ukajitoboa, na mbele ya macho yake ikasimama wodi ya wazazi ambayo wanawake wa Bahi waliisubiri kwa miaka. Kuta zake zilikuwa nene chini na nyembamba juu, zimepindana kama vidole vya watu wanaosali. Upande wa mashariki zilikuwa na matundu madogo madogo ya kunywa upepo. Ndani, koo za udongo zilipanda kutoka chini ya kila kitanda mpaka kwenye paa, ili joto la mwili wa mzazi liondoke lenyewe, kama moshi unavyojua njia.

Ndahani alijua jinsi umbo kama lile linavyopatikana, maana ni yeye aliyemfundisha Mfinyanzi namna hiyo. Mashine huzaa maumbo kwa maelfu kutokana na kitu kimoja cha asili: mfupa, kibuyu, kiota, kichuguu. Huyaachia jua, upepo na uzito wa paa. Yanayoshindwa hufa, yanayopona huoana na kuzaa mengine, kizazi juu ya kizazi, mpaka libaki moja lisilouliwa na kitu. Hesabu ni hiyo hiyo kwa kila mlezi. Lakini kati ya maumbo mawili yaliyo sawa kwa nguvu, mashine huchagua lile ambalo mlezi wake angelipenda. Humo ndimo mlezi anamoonekana.

Na Mfinyanzi hakuwahi kumchagulia Ndahani umbo kama lile. Alimpa shule, masoko, zahanati, zote imara, zote baridi, na zote, ukweli usemwe, zinafanana. "Nyumba ya Ndahani utaijua hata gizani," mkuu wa ofisi alisema siku ya kumuaga ulezi. Ndahani alidhani anasifiwa mpaka alipouona uso wa mkuu.

"Tunaomba jina lako, Mzee," Koku akasema. "Kikao cha Bahi ni keshokutwa. Tukikubaliwa, ile mitambo ya mikono ya udongo inaanza kujenga kabla ya mawingu."

"Nitaangalia," Ndahani akasema. "Kuangalia ndiyo kazi niliyobakishiwa."

*

Aliitafuta kasoro kama mtu anavyotafuta kunguni kwenye mbao za kitanda. Alijifungia chumbani kwake, akaifungua wodi kwenye kioo cha kompyuta, akaipitia ukuta kwa ukuta. Kila alipokuta jambo jema moyo ulimnyong'onyea, na kila alipodhani amepata kosa, akalipima, likakataa kuwa kosa. Uzito ulipita. Joto lilipita. Upepo ulipita kwa shida kidogo kwenye kona ya kaskazini, na hiyo ndiyo dalili ya jaribio la kweli, kwa sababu hakuna nyumba duniani isiyo na kona inayolalamika.

Kisha akafika kwenye mvua.

Mstari wa mvua ulikuwa wa kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa hata na doa la njano. Ndahani aliusogelea kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Matundu yote ya mashariki wazi, na mvua ya Bahi huja imelala kutoka mashariki, halafu hakuna hata tone lililoingia? Akachungulia ndani ya jaribio lenyewe, akakuta ni tupu. Mfinyanzi hakuwa ameijaribu wodi kwa mvua, maana hakuwa na mvua ya kuijaribia. Mtihani usio na swali hauna anayefeli.

Ndahani akaegemea kiti. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, alitabasamu.

Utotoni mwake, mvua za kwanza zilipotua, walikimbilia vichuguuni kuokota kumbikumbi. Mtoto yeyote wa Ugogo alijua kwamba ukikitoboa kichuguu leo, kesho utakuta tundu limezibwa. Mchwa hawalali. Kiangazi wanafungua, masika wanaziba, nyumba yao inabadilika kila siku. Mfinyanzi wa Koku alikuwa ametazama vichuguu vya kiangazi tu, akajenga kichuguu kisicho na mchwa. Masika yakifika, kuta zitakunywa maji kama zinavyokunywa upepo, udongo utavimba, koo zitaziba. Wazazi na vichanga watalala ndani ya pumzi yao wenyewe, kwenye unyevu na ukungu wa kuta.

Tabasamu halikudumu, kwa sababu alijua mvua ilikwenda wapi.

Mlezi anapoacha kazi, sheria inamruhusu kuondoka na malezi yake, yaani kila kitu ambacho mashine ilijifunza kwa mkono wake. Hutiwa kwenye chombo cheusi chenye shingo na kizibo, ambacho mafundi hukiita kibuyu. Walezi wengi hawakuchukua, kama mama asivyomnyang'anya mkwe vyungu. Ndahani alichukua. Siku ya kuagwa kwake, wenzake walipokuwa nje wanagombania maini ya mbuzi, yeye alikuwa ndani anajaza kibuyu. Waliomuuliza aliwaambia, "Picha za kizamani tu." Masika yote ambayo Mfinyanzi aliyajua yalikuwa humo.

Na Koku asingeweza kugundua. Alikuwa mtoto wa Bukoba, ambako mvua si msimu bali ni jirani anayeingia bila hodi. Nani humfundisha mtoto kwamba chini kuna ardhi? Kilichomshangaza Koku Dodoma kilikuwa ukavu, na ukavu ndio aliombebea Mfinyanzi mgongoni kiangazi kizima akamwoneshe.

Mchana Ndahani alikwenda nyumbani kula. Mkewe Merabu alimwekea ugali wa uwele na mlenda, akamtazama anavyonawa.

"Leo una uso wa mtu aliyeokota kitu," akasema.

"Nimempata."

"Nani?"

"Koku. Wodi yake haijui mvua. Nitalisema Bahi, mbele ya watu, waone wamemkabidhi nani."

Merabu akakata tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, hakulitia mdomoni. Macho yake yalipanda mpaka juu ya kabati, pale kibuyu cheusi kilipokaa kati ya picha ya harusi na redio mbovu.

"Na hiyo mvua iko wapi?"

"Ni haki yangu kisheria."

"Sijauliza ni ya nani. Nimeuliza iko wapi."

Ndahani akamega tonge lake.

"Baba Tabita," Merabu akasema, "mke akiachwa, akaondoka na jiwe la kusagia, watoto wanakula nini?"

"Mimi sikuachwa kama mke."

"Basi usinune kama mke mkubwa."

*

Wodi ya zamani ya Bahi ilikuwa ya bati juu na bati ubavuni. Hata asubuhi mtu alikuwa hawezi kuuegemea ukuta wake kwa joto. Kikao kilikaa kwenye baraza, na aliyekiongoza alikuwa Matroni Foibe, mama mfupi mwenye sauti ya kumfikia mgonjwa aliye ng'ambo ya mto.

"Karibuni, wasanifu," alisema. "Msije mkaniletea maneno marefu. Mimi nina watu wananichemkia humo ndani."

Koku alikuwa amekuja na jicho mgongoni na sinia dogo la safari, ukubwa wa ungo. Alipoamsha mchanga na wodi ikasimama, wanawake waliokuwa wanangoja kliniki wakasogea, na mmoja akapiga kigelegele. Matroni Foibe alizunguka lile sinia polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari.

"Inapendeza," akasema mwishoni. "Jicho la Pili linasemaje?"

Ndahani akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la shughuli, na maneno aliyapanga njiani. Alieleza matundu ya mashariki. Alieleza mchwa na kumbikumbi, wanawake wakaitikia kwa vichwa, maana walijua. Alieleza mvua ya Bahi inavyolala. Aliposema "koo za udongo zitaziba na vichanga vitalala ndani ya ukungu," sauti yake ilikuwa tamu masikioni mwake mwenyewe, na alimwona Koku akipoteza rangi, akaona vema amwongeze.

"Kwa hiyo jina langu silitii. Nyumba hii ni nzuri ya kutazama. Kibuyu kizuri kilichotoboka hakichoti maji."

Koku aligeuza uso upande, kuelekea jicho lililokuwa mgongoni kwake.

"Mfinyanzi, matundu yale yatafanyaje wakati wa masika?"

"Masika ni nini, Mama?"

"Wakati wa mvua."

"Neno hilo nalisikia watu wakilitaja," Mfinyanzi akasema kwa adabu. "Nilidhani ni mtu. Mvua ni nini?"

Mwanamke mmoja alicheka. Alipoona hakuna anayemsaidia, akanyamaza.

"Ngoja kwanza," Matroni Foibe akasema. "Mashine hii imetujengea shule pale, imetujengea soko, na soko halivuji. Leo haijui mvua?"

"Ilikuwa inajua," Koku akasema taratibu.

Kisha akamtazama Ndahani. Hakumtazama kwa hasira, na ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alimtazama kama mtu anayepiga hesabu, akafika kwenye jibu, na jibu likamhuzunisha. Ndahani alisubiri kutajwa. Alijikaza, mkono umeshika ukosi wa koti.

"Kosa ni langu," Koku akawaambia wote. "Mimi ndiye mlezi. Mtoto akienda shuleni bila viatu haulizwi mtoto. Nilipaswa kumuuliza, sikumuuliza."

Ndahani akakaa. Ushindi aliouota njia nzima ulikuwa umefika mdomoni, na ulikuwa kama mlenda uliosahauliwa chumvi.

"Haya," Matroni Foibe akasema. "Sasa nielezeni. Jina lisipotiwa wiki hii?"

"Mikono ya udongo inahamia wilaya nyingine," Koku akajibu. "Kisha mvua zinaanza, na udongo haukomai kwenye mvua. Itakuwa kiangazi kijacho."

Matroni aligeuka nyuma, kwa kuwa mlango wa bati ulikuwa umelia. Binti mmoja mwenye mimba pevu alitoka, kitambaa kilicholowa kichwani, akajikokota mpaka pembeni mwa jengo, akakaa chini palipokuwa na ukanda mwembamba wa kivuli. Kivuli chenyewe kilikuwa kinasogea. Binti akawa anasogea nacho, kwa makalio, kidogo kidogo, macho yamefumba.

"Wasanifu wangu," Matroni Foibe akasema, safari hii kwa sauti ndogo, "ugomvi wenu siujui na sitaki kuujua. Lakini mmoja wenu akamwambie yule kwamba ni kiangazi kijacho."

Hakuna aliyekwenda.

Walipokuwa wanapakia sinia kwenye gari, Koku alimfuata Ndahani upande wa dereva.

"Ni kile kibuyu, Mzee. Siyo picha za kizamani."

"Ni changu kisheria."

"Ni chako. Kikirudishwa kinachanganyika na malezi yangu, hakitoki tena, na jina lako linafutwa. Nimeisoma sheria. Kwa hiyo siwezi kukuomba." Alikaza fundo la kanga. "Nimesema tu ujue kwamba nimejua."

*

Kutwa nzima iliyofuata Ndahani alikaa nyumbani na kibuyu mbele yake, juu ya meza ya chakula.

Aliligeuza jambo lile kila upande, na kila upande ulikuwa na miba. Akikikalia, binti wa Bahi na wenzake watazalia ndani ya bati mwaka mwingine, na yeye atakuwa mkweli mbele ya watu wote. Akikirudisha, Mfinyanzi atakuwa na kiangazi cha Koku na masika ya Ndahani, na kwa siku moja ataizaa upya wodi itakayowashangaza hata watu wa mbali. Jiwe la msingi litaandikwa jina la Kokushubila. Na Mfinyanzi atamwita Kokushubila Mama, kwa sauti ile ile ya kudeka, huku akitumia maarifa ya mtu ambaye hata hamjui. Ndahani alijiuliza kama kuna mzazi aliyewahi kuombwa jambo kama hilo: mpe mtoto wako damu, kisha mwache amshukuru jirani.

Alasiri akapata njia ya kati. Atarudisha, lakini kwa sharti. Koku akubali wawe walezi wawili, na jina la kwanza liwe lake. Aliyapanga maneno, akavaa koti, akakitia kibuyu kwapani.

"Unakipeleka?" Merabu akauliza kutoka uani.

"Nakwenda kuzungumza."

"Basi kakipeleke," Merabu akasema, "kuzungumza utazungumza ukirudi."

Ofisini, mlango wa chumba cha sinia ulikuwa wazi nusu. Ndahani alisikia maji yanamwagika. Akachungulia.

Kokushubila alikuwa amepanda juu ya kiti, viatu chini. Mkono mmoja alikuwa ameshika kopo la maziwa lililotobolewa matundu kwa msumari, mwingine ameshika jagi, anajaza kopo na kulitikisa juu ya sinia. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye mchanga, kwenye sakafu, kwenye nywele zake, na juu ya jicho lililowekwa mezani limelowa chepechepe.

"Umeona?" Koku alikuwa anasema, pumzi juu. "Inakuja hivi. Inatoka juu."

"Nimeona, Mama. Mvua ni maji yanayotoka kwenye kopo."

"Hapana. Siyo kopo. Fikiria hakuna kopo."

"Hakuna kopo," Mfinyanzi akakubali. Akafikiri kidogo. "Basi maji yanatoka kwenye jagi."

Koku akaketi pale pale juu ya kiti, kopo mapajani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na Ndahani hakuweza kujua kama anacheka au analia. Pengine hata yeye mwenyewe hakujua.

Sharti lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Ndahani, limepangwa vizuri, jina la kwanza, jina la pili. Aliingia nalo. Lakini alipofungua mdomo, kilichotoka kilikuwa kingine.

"Mvua haifundishwi kwa kopo, binti."

Koku akainua uso. Macho yalikwenda kwanza usoni kwake, kisha kwapani. Alishuka kwenye kiti, akafuta maji kwenye ukingo wa sinia kwa kanga yake, akampisha.

Ndahani aliweka shingo ya kibuyu kwenye tundu lake ukingoni mwa sinia. Alitaka kusema neno la mwisho, jambo la kukumbukwa, na akaona kwamba baada ya hapa hakutakuwa na wa kulikumbuka. Akavuta kizibo.

Sinia likanyamaza. Mchanga wote ukalala chini, bapa, kama uwanja uliofagiliwa. Koku alishika ukingo kwa mikono miwili.

Kisha pakatokea kishimo. Kidogo, ukubwa wa kunde, katikati ya mchanga, na hakuna kitu kilichokuwa kimeanguka. Kikatokea kingine pembeni. Vikaja vitatu, vikaja vingi, huku na huku, vinaharakishana, jinsi vumbi la Dodoma linavyotobolewa na matone ya kwanza ya masika, mpaka sinia lote likawa linaruka na kuvuma. Harufu tu ndiyo iliyokosekana.

"Aa," Mfinyanzi akasema. "Aa. Kumbe ni hivi."

Wodi ikasimama kwa mara ya pili. Ilikuwa ile ile na haikuwa ile. Paa lilikuwa limeshuka upande wa mashariki kama ukingo wa kofia, na kila tundu lilikuwa na kifuniko chake cha udongo, na kila kifuniko kilikuwa na mpini.

"Mipini ya nini?" Koku akauliza.

"Mchwa huziba kwa midomo. Wodi haina mchwa, Mama. Ina manesi."

Koku akacheka kwa sauti, akajifunika mdomo. Ndahani hakucheka. Aliiangalia ile wodi, akaiona kuwa nzuri kuliko chochote alichowahi kutia jina, na wivu ukampanda upya, mbichi, kana kwamba hakuwa ametoa kitu. Siku ya ufunguzi atasimama nyuma, na Matroni Foibe atamkumbatia mwanamke huyu aliyelowa nywele. Alijua itakuwa hivyo, na alijua hatazoea.

"Kuna jambo lingine nimelikumbuka," Mfinyanzi akasema. "Kuna mtu alinibeba."

"Mimi ndiye ninayekubeba."

"Si wewe. Zamani. Tulikuwa tunakwenda kukagua daraja, gari likazama kwenye tope, mvua ikaja imelala. Akanitoa kwenye kishikio, akaniingiza ndani ya koti lake, hapa kifuani, akafunga vifungo, akatembea. Sikuona chochote. Nilisikia moyo wake tu, na mvua juu ya koti. Alikuwa anamtukana dereva, kisha anaimba, kisha anakohoa."

Ndahani alikuwa ameisahau siku ile kabisa. Au alikuwa ameihifadhi kama siku aliyonusuru mali ya ofisi, akalala na homa, Merabu akamkanda kifua kwa maji ya moto. Hakuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa koti kulikuwa na mtu anayesikiliza.

"Alikuwa nani?" Koku akauliza. Alisema huku ameinama, anakamua maji kwenye pindo la kanga, na hakumtazama yeyote.

"Jina limefutwa," Mfinyanzi akasema. "Simjui. Ningependa kumjua."

Ilikuwa rahisi mno, neno moja tu, na Ndahani aliliona limekaa mbele yake kama chakula cha mwenyeji. Lakini alikuwa mtu wa kiburi, na kiburi kilimziba koo pale pale lilipotaka kupita. Alivuta karatasi ya wodi iliyokuwa mezani, akatafuta kalamu, akaandika jina lake mahali pa Jicho la Pili, kwa mwandiko wake mzuri, bila haraka.

Kisha akakohoa. Hakukusudia, lilikuwa koo tu.

Kwenye sinia, mchanga uliokuwa umesimama kama wodi ukatulia ghafla. Halafu ukainama, punje baada ya punje, upande ule aliosimama yeye.